John B. Kelly, Fundi Mwashi Aliyekataliwa Henley



Mhariri wa jarida letu aliponiandikia kuniomba nijaze ukurasa wa maisha ya watu mashuhuri katika toleo hili la mkutano wetu, kwanza nilifikiri juu ya wale ambao kila mtu hutarajia kuwasoma: viongozi, wavumbuzi, watunzi wa vitabu. Mwishowe nikaamua kuwaletea mwanamichezo, tena wa mchezo ambao shuleni kwetu hatukuucheza hata siku moja, yaani mashindano ya kupiga makasia. Jina lake ni John Brendan Kelly, wa mji wa Philadelphia, Marekani. Alizaliwa mwaka 1889, akafariki mwaka 1960. Wengi wakilisikia jina hilo humkumbuka binti yake, Grace Kelly, aliyekuwa mcheza sinema na baadaye akaolewa na mtawala wa Monaco. Lakini kwa maoni yangu habari ya baba ndiyo yenye somo kwetu.

Wale tuliolala bweni moja kati ya mwaka 1971 na 1974 watakumbuka kuwa mimi ni mtoto wa Ukerewe. Labda wachache tu watakumbuka baba yangu alifanya kazi gani. Si kosa lao, kwani mimi mwenyewe sikupenda ijulikane. Nitalirudia jambo hilo mwishoni, maana ndilo lililonifanya nichague habari hii.

Mchezo wenyewe

Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria tunajua kupiga kafi. Mpiga kafi hutazama mbele anakokwenda, na kafi lake halikufungwa popote. Hulishika kwa mikono na kulichovya majini upande huu au ule apendavyo. Mchezo wa makasia ni tofauti. Kasia ni refu, nalo hushikizwa kwenye chuma kilichotokeza ubavuni mwa chombo. Mpigaji huupa mgongo upande anakokwenda, hivyo humwona aliye nyuma yake, lakini aliyemtangulia hamwoni asipogeuza shingo. Chombo cha mtu mmoja kina urefu wa kama meta 8, nacho ni chembamba kiasi kwamba mtu asiyezoea akikaa tu hupinduka. Kiti chake kina magurudumu madogo, nacho huteleza mbele na nyuma, ili mpigaji akunje magoti na kuyanyosha kila anapovuta. Kwa hiyo nguvu kubwa ya mchezo huu hutoka miguuni na mgongoni, wala haitoki mikononi peke yake kama mtu anavyodhani. Lishikeni neno hilo, kwani mbele tutakutana na watu waliohukumu kwa kutazama mikono.

Huko Uingereza mchezo huu uliota mizizi kwa watu wa kazi. Zamani madaraja yalipokuwa machache, watu wa London walivushwa mto Thames na wapiga makasia waliolipwa nauli. Tangu mwaka 1715 vijana waliomaliza kujifunza kazi hiyo wamekuwa wakishindania koti na nishani iliyoanzishwa na mcheza tamthilia aliyeitwa Thomas Doggett, na mashindano hayo yapo hata leo. Baadaye mchezo ukaingia katika shule na vyuo vya wenye mali. Vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge vilishindana kwa mara ya kwanza mwaka 1829, na mwaka 1839 yakaanza mashindano ya Henley, katika mji mdogo wa jina hilo ulio ukingoni mwa mto huo huo wa Thames. Henley ikawa ndiyo kilele cha mchezo. Zawadi ya mtu mmoja mmoja, iitwayo Diamond Sculls, ilianza kushindaniwa mwaka 1844, na kila mpiga makasia duniani aliitamani.

Ndipo waungwana wa mchezo wakaanza kuulizana ni nani anayestahili kushindana nao. Wakaweka kanuni ya ridhaa. Sisi tunajua kuwa mchezaji wa ridhaa ni yule asiyelipwa kwa kucheza. Wao walikwenda mbali zaidi. Kwao fundi, kibarua, na mtu yeyote aliyejipatia riziki yake kwa kazi ya mikono hakuhesabiwa kuwa wa ridhaa, hata kama hakuwahi kupokea senti moja kwa ajili ya kupiga makasia. Sababu waliyoitoa ni kwamba kazi ngumu humwongezea mtu nguvu, kwa hiyo si haki ashindane na karani au mwanafunzi. Sababu ambayo kila mtu aliiona, ingawa haikutajwa, ni kwamba hawakutaka kukaa naye meza moja. Wako Waingereza waliochukizwa na ubaguzi huo, na mwaka 1890 wakaunda chama kingine kilichowapokea wafanyakazi. Lakini milango ya Henley ilibaki imefungwa.

Kijana wa East Falls

Sasa twende Philadelphia. Wazazi wa Kelly walikuwa wahamiaji kutoka wilaya ya Mayo, nchini Ayalandi, nao walijaliwa watoto 10. Familia iliishi East Falls, mtaa wa viwanda ulio kando ya mto Schuylkill. Haikuwa familia ya watu wa kawaida, japokuwa ilianza katika hali ya chini. Ndugu mmoja, Patrick, alikuwa mkandarasi wa ujenzi. Mwingine, Walter, alijipatia jina kwa kuchekesha watu jukwaani. Wa tatu, George, alitunga tamthilia, na mwaka 1926 alipewa tuzo ya Pulitzer, ambayo ni heshima kubwa kwa mwandishi huko Marekani.

John yeye alishika mwiko. Alijifunza uashi katika kampuni ya kaka yake Patrick: kuchanganya udongo, kupanga matofali kwa timazi na kamba, kubeba na kupanda jukwaani tangu asubuhi hadi jioni. Na kwa kuwa mto ulikuwa karibu na kwao, akajifunza pia kupiga makasia. Philadelphia ilikuwa na mila yake ya mchezo huu. Vyama vya mto Schuylkill viliungana tangu mwaka 1858 chini ya umoja mmoja, na nyumba zao za kuhifadhia vyombo zimejipanga ukingoni hata leo, moja baada ya nyingine, kama mabweni yetu. Kelly alijiunga na chama kilichoitwa Vesper, kilichoanzishwa mwaka 1865. Vesper si chama kidogo: kikosi chake cha watu 8 kilipata dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ya Paris mwaka 1900, na tena katika ile ya St. Louis mwaka 1904.

Kufika mwaka 1916 Kelly alikuwa bingwa wa Marekani. Vita Kuu ya Kwanza ikaingia, naye mwaka 1918 akawa askari. Jeshini aliingia katika ngumi za uzito wa juu, akashinda mapambano 12 mfululizo mpaka alipovunjika kifundo cha mguu. Vita ilipokwisha alirudi nyumbani, akakopa dola 7,000 kutoka kwa ndugu zake George na Walter, akaanzisha kampuni yake ya ujenzi wa matofali. Hali kadhalika alirudi mtoni. Mwaka 1919 na 1920 alikuwa bingwa wa taifa wa chombo cha mtu mmoja. Kilichobaki ilikuwa Henley.

Barua ya kukataliwa

Mwaka 1920 Kelly aliomba kushindana Diamond Sculls. Alikuwa na umri wa miaka 30, wakati ambao mpiga makasia hawezi kusubiri sana. Alikuwa katika maandalizi ya safari wakati taarifa ilipomfikia kwamba Henley imemkataa.

Habari hii ndipo ilipozaa hadithi. Husimuliwa mara nyingi kwamba Kelly alikataliwa kwa sababu moja tu, yaani kuwa aliwahi kuwa fundi mwashi. Sisi tuliofundishwa kusoma historia kwa makini yafaa tuseme ukweli wote. Kamati ya Henley iliandika sababu mbili. Ya kwanza ilihusu chama chake. Mwaka 1905 kikosi cha Vesper kilikwenda Henley, na baadaye ikaonekana kuwa gharama za safari zilichangwa na umma, jambo lililohesabiwa kuvunja kanuni ya ridhaa. Mwaka 1906 kamati ikaamua kutopokea tena mshindani yeyote kutoka Vesper. Kelly hakuwamo katika kikosi hicho. Mwaka 1905 alikuwa kijana wa miaka 15. Lakini alibeba dhambi ya waliomtangulia, kama vile bweni zima linavyoadhibiwa kwa kosa la watu wawili. Sababu ya pili ndiyo ile ya kazi ya mikono. Kelly alikuwa amefanya kazi ya uashi, basi kwa kanuni yao hakuwa wa ridhaa.

Kwa hiyo ni kweli kwamba hata bila matofali angekataliwa kwa sababu ya chama. Na ni kweli vile vile kwamba hata bila chama angekataliwa kwa sababu ya matofali. Chama mtu anaweza kukihama. Jasho alilokwisha kulitoa hawezi kulirudisha mwilini. Nadhani ndiyo sababu watu waliishika ile ya pili na kuisahau ya kwanza, na mimi siwalaumu.

Diamond Sculls ya mwaka huo ilichukuliwa na Mwingereza aitwaye Jack Beresford, kijana wa miaka 21.

Brussels, Agosti 1920

Hata hivyo mwaka ule ulikuwa na Michezo ya Olimpiki, ya kwanza tangu vita kwisha. Wenyeji walikuwa Antwerp, Ubelgiji, nchi iliyokuwa imeharibiwa sana na vita. Mbio za makasia zilifanyika kwenye mfereji karibu na Brussels, mahali pa viwanda, pasipo na uzuri wowote wa kulinganishwa na bustani za Henley. Mwendo ulikuwa meta 2,000. Hapo hapakuwa na kanuni ya kutazama mikono ya mtu.

Siku ya fainali, tarehe 29 Agosti, waliobaki walikuwa wawili, Kelly na Beresford: bingwa wa Henley, na mtu ambaye Henley haikumtaka. Walishindana vikali mpaka mwisho. Kelly alimaliza kwa dakika 7 na sekunde 35, Beresford kwa dakika 7 na sekunde 36. Tofauti ya sekunde moja tu baada ya meta 2,000! Inaelezwa kwamba wote wawili waliishiwa nguvu hata wakashindwa kupeana mikono.

Wengine wangeona hayo yanatosha kwa siku moja. Kelly alipumzika kama nusu saa, akaingia katika chombo cha watu wawili pamoja na binamu yake Paul Costello, akapata dhahabu ya pili. Miaka minne baadaye, mwaka 1924, mabinamu hao walishinda tena huko Paris. Kelly akawa mpiga makasia wa kwanza duniani kupata medali tatu za dhahabu za Olimpiki. Naye Beresford tusimdharau. Alishiriki Olimpiki tano, kuanzia ile ya 1920 hadi ya Berlin mwaka 1936, na kila mara alirudi na medali, zikiwamo tatu za dhahabu. Kosa la kanuni halikuwa lake.

Watu wa Philadelphia husimulia kwamba baada ya ushindi ule Kelly aliichukua kofia yake ya kijani aliyoivaa katika mashindano, ikiwa bado na jasho, akaipeleka kwa Mfalme George wa Tano wa Uingereza kama salamu. Ni hadithi tamu, na hadithi tamu si lazima iwe kweli. Medali ndizo za hakika.

Mwashi tajiri

Kampuni yake ilistawi sana, ikawa miongoni mwa makampuni makubwa ya ujenzi wa matofali nchini Marekani, naye akawa tajiri. Mwaka 1924 alimwoa Margaret Majer, mwalimu wa michezo, wakazaa watoto wanne. Aliingia siasa, na mwaka 1935 aligombea umeya wa Philadelphia kwa tiketi ya chama cha Democrat, katika mji ambao chama pinzani kilikuwa kimeutawala kwa miaka mingi. Alishindwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya Rais Roosevelt ilimpa dhamana ya kuhimiza mazoezi ya mwili kwa raia. Jambo moja linalomsifu ni kwamba katika utajiri wake hakuficha alikotoka. Uashi ndio uliokuwa jina la kampuni yake na ndio uliokuwa fahari yake.

Lakini maisha ya mtu yasipambwe kupita kiasi. Kelly alikuwa na kidonda kisichopona. Mwaka 1927 alipozaliwa mtoto wake wa kiume, alimpa jina lake mwenyewe, John, na tangu utotoni alimwandaa kwenda Henley kulipa deni. Mtoto hakuulizwa kama anataka kulibeba deni hilo. Sisi wazazi tunaosoma habari hii tujipime hapo. Wangapi kati yetu tumewalazimisha watoto wasomee udaktari au uhandisi kwa sababu sisi tulikosa nafasi?

Hata hivyo kijana alikuwa na kipaji, tena alifanya bidii. Mwaka 1946 alikwenda Henley akafika fainali, akashindwa na Mfaransa Jean Séphériadès. Mwaka 1947 akarudi, baba akiwa miongoni mwa watazamaji, akamshinda Mnorwei Carl Fronsdal na kuichukua Diamond Sculls. Miaka 27 ilikuwa imepita tangu baba kukataliwa. Mwaka 1949 kijana akaichukua mara ya pili. Mwaka 1956 alipata medali ya shaba katika Olimpiki ya Melbourne.

Nani alifungua mlango?

Msomaji anaweza kudhani kwamba ushindi wa mtoto ndio uliovunja kanuni ile mbaya. Sivyo. Mwaka 1947 kanuni haikuwapo tena. Iliondolewa mwaka 1937, na jambo lililoharakisha kuondolewa kwake halikutoka kwa Kelly. Mwaka 1936 kikosi cha Australia cha watu 8 kilikuwa njiani kwenda Olimpiki ya Berlin, nacho kilitaka kushindana Henley. Wachezaji wake walikuwa askari polisi, na kamati ikaamua kuwa kazi ya polisi ni kazi ya mikono. Wakakataliwa. Jambo hilo liliwaaibisha wenye mashindano mbele ya dunia, na mwaka uliofuata maneno yale juu ya mafundi na vibarua yakafutwa.

Nalisema hili kwa makusudi. Kelly mwana, aliyeshinda mwaka 1947, alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu na mtoto wa tajiri. Yeye hata kwa kanuni ya zamani asingeulizwa habari za matofali. Mlango ulifunguliwa na wengi waliobisha hodi: wale Waingereza wa mwaka 1890 waliounda chama kisichobagua, Kelly baba aliyewashinda wanaoitwa bora mahali pasipokuwa na ubaguzi, na polisi wa Australia waliorudishwa kutoka langoni. Mmoja akibisha, husemwa ana kelele. Wakibisha wengi, mwenye nyumba huona aibu.

Kelly alifariki tarehe 20 Juni 1960 akiwa na umri wa miaka 70. Wosia wake ulipata umaarufu kwa kuwa aliutunga mwenyewe kwa lugha ya kila siku, wenye utani na mawaidha kwa watoto, pasipo maneno ya kisheria yanayomfanya mtu asielewe amerithi nini. Mwaka 1981 binti yake Grace alialikwa Henley kugawa zawadi kwa washindi. Jamii ile ile ambayo mwaka 1920 ilimfungia baba mlango ilimpokea binti kama mgeni wa heshima, na baada ya kifo chake mwaka 1982 kombe moja la wanawake katika mashindano hayo likapewa jina lake.

Deni langu

Sasa nirudi kwenye ahadi yangu. Mwaka 1983 nilikuwa masomoni Marekani, na siku moja ya mapumziko nilifika Philadelphia. Nikitembea kando ya mto Schuylkill, kwenye barabara ambayo tangu mwaka 1985 inaitwa kwa jina la Kelly mwana, nilikuta sanamu ya mtu aliyekaa katika chombo chembamba akivuta makasia mawili. Iliwekwa hapo mwaka 1965. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi karibu aliniona nikiitazama kwa muda mrefu, akanieleza ni ya nani na kwa nini mtu huyo hakuruhusiwa Henley. Aliposema kuwa alikataliwa kwa kuwa alikuwa fundi mwashi, moyo wangu ulishtuka.

Baba yangu alikuwa fundi mwashi. Mwaka 1973, siku ya wazazi, alivuka kutoka Ukerewe kuja kunitazama. Alivaa shati safi alilolinyosha mwenyewe, lakini viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa saruji na chokaa, na kucha zake hazikuwa kucha za mtu wa ofisini. Wazazi wa wenzangu wengine walikuwa makarani, walimu, watu wa serikali. Mwalimu mmoja aliponiuliza baba anashughulika na nini, nilijibu kuwa ni mfanyabiashara. Baba alikuwa amesimama pale pale. Hakusema neno. Alitabasamu, akampa mwalimu mkono, kisha akauweka mkono ule mfukoni, na sikumwona akiutoa tena mpaka tulipoagana.

Mnakumbuka kwamba hizo zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea. Tulifyatua matofali wenyewe. Siku ambayo mwalimu wa zamu aliuliza nani anajua kuyapanga, mimi niliyejifunza kwa baba tangu nina miaka 10 nilinyamaza, nikaacha ukuta ule ujengwe kombo na wasiojua. Waliosoma wakati huo wataukumbuka ukuta wenyewe, kwani mvua za mwaka uliofuata ziliulaza chini, tukacheka sana. Mimi nilicheka pamoja nanyi.

Henley walimtazama mtu mikononi wakamfungia lango. Mimi nilifanya hivyo kwa baba yangu mzazi, nami sikuwa na kanuni iliyonilazimisha. Nilipokuwa nimesimama mbele ya sanamu ile, baba alikuwa amekwisha fariki miaka miwili kabla, na sikuwa nimemwomba radhi. Ndiyo maana nasema nina deni, na deni la namna hii haliwezi kulipwa na mtoto wangu kwa niaba yangu, kama Kelly alivyodhani. Kila mtu alipe lake.

Kwa vijana mlioko shuleni sasa nina neno moja. Katika mkutano huu wazazi wenu watakuja. Wengine watakuja na magari, wengine watashuka kwenye basi na vumbi miguuni. Mtu akiwauliza kazi ya baba au ya mama, itajeni ilivyo: mvuvi, mama lishe, fundi, dereva, mkulima. Mikono iliyowalipia karo msiiache ikae mfukoni.

Kwa wenzangu wa zamani nina pendekezo, ambalo nitalileta rasmi mbele ya mkutano. Katika ukumbi wa chakula tunalo bao lenye majina ya wakuu wa shule tangu mwanzo. Naomba tuweke la pili kando yake, lenye majina ya waashi, maseremala na vibarua waliojenga madarasa na mabweni yetu, kwa kadiri tunavyoweza kuyakusanya kutoka kwa wazee wa vijiji jirani kabla nao hawajaondoka. Gharama ya ubao na rangi nipo tayari kuibeba mimi. Na kama kuna ukuta wa kujengwa ili ubao huo upate pa kukaa, safari hii sitanyamaza. Mwiko wa baba ninao nyumbani.

Nawatakia nyote mkutano mwema. Mungu aibariki shule yetu.

Wenu katika undugu wa shule,
Mwanafunzi wa zamani, 1971–1974